Mvuke wa Argiro, Moto wa Thomaida

Kijibamba cha seli ya jua kilichompa Argiro jina kilipimwa asubuhi moja ya mvua, na Thomaida alikuwepo. Alikuwa kwenye sinki akisuuza vioo, mikono imejaa povu, kwa hiyo hakuweza hata kujifanya hakuona. Argiro alikiweka kijibamba chini ya ile taa kubwa inayoiga jua la adhuhuri, akabana nyaya zake, akangoja. Kompyuta ikachora mstari wa umeme wake. Profesa Ververis, aliyekuwa akipita na kahawa yake kuelekea ofisini, akasimama, akateremsha miwani kutoka kwenye paji la uso, akainama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Rudia," akasema.

Argiro akarudia. Mstari ukaja vilevile.

"Umekifanya nini hiki? Umepandisha moto?"

"Sijakichoma kabisa, profesa. Nimekifukiza tu."

Maabara nzima ikaangua kicheko, maana alilitamka neno lile kama bibi wa kanisani anayezungumzia ubani. Profesa naye akacheka, na profesa hakuwa mtu wa kucheka kabla ya saa sita. Thomaida akajifuta mikono kwenye koti, akaenda, akambusu Argiro mashavu yote mawili.

"Hongera, kumbara," akasema.

Maneno yalitoka laini. Lakini kifuani kitu kilimbana, kama kidole kilichofungiwa mlangoni, na alipolirudia sinki lake alisuuza kioo kilekile mara kadhaa bila kujua.

Ili mtu aelewe kilichombana, lazima ajue kazi yao ilikuwa nini. Seli za jua walizozitengeneza pale Patra, mji wa bandari wa Ugiriki, si zile nzito nyeusi zinazolazwa juu ya mapaa. Zao zilikuwa za wino. Unadondosha wino wa rangi ya zambarau juu ya kioo, kioo kinazungushwa kwa kasi, na kinachobaki ni utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ndani ya utando huo mna vitu viwili: kimoja kinalipokea jua, cha pili kinauchukua umeme na kuutoa nje. Vikichanganyikana mno, umeme unapotelea humohumo. Vikiachana mno, havifikiani. Ufundi wote uko katika kuvifanya vikae karibu bila kuvurugana, kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja.

Kwa miaka mingi dawa ya hilo ilikuwa moto, na mwenye moto alikuwa Thomaida. Alikuwa akiulaza utando juu ya bamba la umeme, akaupa joto lake, akauondoa kwa wakati wake, na seli iliyokuwa goigoi ikaamka. Hakuna aliyemshinda. Wanafunzi walipounguza tando zao waliambiwa, "Kamwone Thomaida," na wageni walipokuja profesa aliwaongoza moja kwa moja hadi kwenye meza yake iliyo karibu na dirisha. Sifa hizo hakuzipata kwa urithi. Alizaliwa kijiji kimoja cha milimani juu ya Egio, nyumba ya wakulima wa zabibu ndogo nyeusi, na baba yake alipofariki shamba lilikwenda kwa kaka. Wakamwambia yeye amepewa masomo. Akayachukua masomo kama anayechukua ng'ombe mmoja baada ya ndugu kugawana zizi, akamlisha ng'ombe huyo hadi akanona.

Wivu haukuwa mgeni kwake, basi. Ulikuwa umelala tu.

Argiro alikuja baadaye, kutoka Kavala kule kaskazini, mrefu, mcheshi, mwenye kusahau funguo na mwavuli kila mahali. Thomaida ndiye aliyemfundisha kushika kibano bila kukwaruza kioo. Walishirikiana meza, walishirikiana sahani moja ya viazi kantini, na Thomaida alipoolewa na Stathis, aliyekuwa fundi wa meno ya bandia mjini, Argiro ndiye aliyesimama nyuma yao kanisani na kuyabadilisha mataji juu ya vichwa vyao. Tangu siku hiyo walikuwa kumbara na kumbara, undugu wa msimamizi wa ndoa ambao Patra hauvunjwi kwa neno dogo. Jumapili zote Argiro alikula kwao. Hakuwa na mume wala hakuonekana kumtafuta.

Sasa huyu ndiye aliyeweka utando wake ndani ya bakuli la kioo lenye kifuniko, akatia tone la kiyeyushi pembeni, akauacha mvuke umzunguke mgonjwa wake taratibu. Na seli yake ikaipita ya Thomaida.

Ingekuwa imepita kwa mengi, labda ingeuma kidogo. Ilipita kwa ushee tu, kama mkimbiaji anayekutangulia kwa kifua.

Tarehe ishirini na tano Machi, sikukuu ambayo kila nyumba inanuka samaki mkavu wa kukaanga, Argiro alikuja kama kawaida na sinia ya keki ya lozi. Stathis alimvulia koti, akammiminia divai, na chakula kilipofika mezani akaegemeza viwiko vyote viwili.

"Hebu kumbara, nielezee mimi mjinga wa meno. Huo mvuke wako unafanya nini hasa? Mjini wanasema umegundua jua la pili."

"Mjini nani?"

"Mimi na kinyozi."

Argiro akacheka, akachukua kifuniko cha bakuli la kitunguu saumu. "Tazama. Utando ukikauka upesi, kila kitu mle ndani kinaganda pale kilipokutwa. Ni kama watu wamekatiwa umeme katikati ya karamu, kila mmoja amesimama gizani. Sasa ukiufunika hivi, na mvuke kidogo, unalainika tena. Taa zinawaka. Kila mtu anatafuta kiti chake. Halafu unafunua."

"Kumbe kama mimi na nta ya meno. Nikiiharakisha inapasuka."

"Ndiyo hiyohiyo. Wewe ungefaa maabara, kumbaro."

"Umesikia?" Stathis akamgeukia mkewe. "Na wewe hujawahi kuniambia hivyo."

"Miaka yote hii umeoa mtu wa kazi hiyohiyo," Thomaida akasema, "hujawahi kuniuliza utando ni nini."

Stathis akaweka uma chini. "Nilikuuliza. Ulisema ni habari ndefu."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli ilimchoma zaidi. Argiro akauliza kama kuna mkate zaidi. Thomaida akaenda jikoni kuuleta, akasimama mbele ya kabati akisikia kicheko cha mumewe na cha rafiki yake kikipanda na kushuka, akaukata mkate vipande vinene kama vya kulishia mbwa.

Mgeni alipoondoka, Stathis alimkuta akisugua kikaango.

"Una nini leo?"

"Sina kitu."

"Una wivu."

"Wivu wa nani? Wako na meno yako?"

"Ungekuwa wangu ningefurahi," Stathis akasema, akachukua kitambaa kukausha sahani. "Mke akimwonea mumewe wivu ni mapenzi. Lakini wewe unamwonea Argiro kwa ajili ya bakuli."

Thomaida akazidi kusugua kikaango. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alifika kazini kabla ya watu, akafungua mlango na kuliona bakuli lile la kioo mezani pa Argiro, dogo, la kawaida, la kuuzwa dukani. Alitamani lianguke lenyewe.

Juma lililofuata walikuja wageni kutoka Athene, watu wa suti. Profesa aliwapitisha mbele ya meza ya dirishani bila kupunguza mwendo. "Na huyu ni Bi Thomaida," akasema akinyoosha mkono nyuma yake, "alikuwa akishughulika na moto." Wakamwamkia kwa vichwa, wakaelekea kwa Argiro, wakasimama pale mpaka kahawa zao zikapoa.

Alikuwa. Thomaida alilibeba neno hilo hadi nyumbani. Alilibeba kwenye basi, akalibeba sokoni kwenye foleni ya machungwa. Hajafa, hajastaafu, bamba lake bado lina moto, na tayari anasemwa kama marehemu.

Mwenye husuda hakosi sababu. Yake ilikuja akiwa kitandani, ikamkalisha kitako: taa. Itakuwaje kama ile taa inayoiga jua imezidi ukali? Taa ikizidi, kila seli iliyo chini yake inajisifu bure. Vipimo vyake mwenyewe alivifanya zamani, taa ikiwa mpya. Vya Argiro ni vya majuzi, baada ya balbu kubadilishwa. Alifurahi kwa furaha ambayo hakupenda kuitazama usoni.

Akamwendea profesa ofisini, akafunga mlango.

"Mimi simtuhumu mtu," akaanza.

Ververis alikuwa mzee mwenye masikio makubwa, na mtu akianza hivyo alikuwa na desturi ya kuweka kalamu chini. "Sema, Thomaida."

"Taa ile haijakaguliwa tangu balbu ibadilishwe. Kabla hatujatangaza chochote, si vizuri kujua kama ni jua la Patra au la Sahara?"

"Ni vizuri. Kague."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye mwenye mkono usiotetemeka."

Akakagua. Alitoa ile seli ya kulinganishia, inayotunzwa ndani ya sanduku lenye sponji, akaiweka chini ya taa, akasoma. Akasoma tena. Taa haikuwa imezidi. Ilikuwa imefifia kidogo. Maana yake ni kwamba seli za Argiro zilikuwa bora kuliko ilivyosemwa, na yeye Thomaida ndiye aliyekuwa wa kwanza duniani kulijua hilo.

Alikaa kwenye kigoda akiitazama ile namba. Angeweza kusema "iko sawa" na kunyamaza. Lisingekuwa uongo wa kutisha. Lakini mkono usiotetemeka ni tabia, si misuli tu. Akatembea hadi kwa profesa na kumwambia ukweli wote kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya viazi. Alipogeuka kutoka, Argiro alikuwa amesimama mlangoni na makaratasi kifuani. Amesikia.

"Nani aliomba taa ikaguliwe?" Argiro akauliza, akimtazama profesa.

Profesa akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Thomaida akasema, "Mimi."

Walitoka pamoja hadi kwenye ngazi za nyuma, wanakovutia watu sigara. Hapakuwa na mtu.

"Ungeniuliza mimi," Argiro akasema. "Ungeniambia, 'Kumbara, nina shaka na taa.' Tungeikagua wote tukanywa kahawa."

"Ni utaratibu wa kazi tu."

"Utaratibu wa kazi haufungi mlango, Thomaida. Nilikuona ukifunga mlango."

"Kwani wewe ulinishirikisha? Ulipoanza kufukiza kwako, ulinijia? Nimekufundisha kushika kibano, halafu nakusikia nikiwa kwenye sinki kama mfanya usafi."

"Nilijaribu jioni moja, kikakubali, asubuhi nikapima. Nilikuwa nataka kukufurahisha." Argiro alikuwa hasemi kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilidhani utafurahi."

"Nilikubusu, sikukubusu?"

"Ulinibusu. Mashavu yako yalikuwa ya baridi kama marumaru."

Akaenda zake. Jumapili hiyo hakuja kula. Stathis aliandaa viti vitatu, akakitazama cha tatu, akakirudisha ukutani. Mke alimshukuru na kumchukia kwa pamoja.

Pasaka ilikuja. Argiro alipanda basi kwenda kwao Kavala, profesa akaenda kisiwani, na katika wiki ile ya baada ya sikukuu, watu wakiwa bado wana harufu ya kondoo kwenye nguo, maabara ilikuwa tupu. Thomaida alimwambia mumewe anakwenda kuangalia mitungi ya gesi. Alikwenda na shabaha moja: kuurudia mvuke wa Argiro kwa mikono yake na kuonyesha kwamba haurudiki. Kitu kinachotoka kwa mtu mmoja tu si sayansi, ni bahati. Sentensi hiyo alikuwa ameshaitunga kabisa, hadi mahali pa kuvuta pumzi.

Akatengeneza tando zake, nzuri, sawasawa kama kioo cha maji. Akazitia ndani ya bakuli, akaweka kiyeyushi, akafunika. Alipofunua, utando ulikuwa umefifia, umejikunyata vidonge vidonge kama maziwa yaliyokatika. Chini ya taa haukutoa umeme wa kuamsha nzi.

Alifurahi. Alisimama katikati ya chumba kitupu akafurahi, na furaha ile ikadumu kwa muda wa kuvua glovu. Kwa sababu alijua. Argiro alitia tone. Yeye alitia kijiko. Argiro alifunua mapema. Yeye aliacha mpaka utando ukalewa. Hakukosea kwa kutojua, alikosea kama mpishi anayetia chumvi nyingi kwenye chungu cha mke mwenza. Na ingawa hakuona haya mbele ya Argiro, aliona haya mbele ya bamba lake la moto, mbele ya kibano chake, mbele ya miaka yote ambayo hakuwahi kutoa kazi mbovu kwenye meza ile. Akavitupa vile vijibamba kwenye pipa la taka za kioo.

Akaanza upya. Safari hii alitia tone moja. Alikaa mbele ya bakuli, macho kwenye rangi ya utando, na rangi ilipoanza kuiva kuelekea ile zambarau ya zabibu zilizokolea, akafunua. Akapima kimoja. Kilikuwa sawa na vya Argiro. Mvuke ulikuwa kweli, basi, na uliwatii wote wenye subira.

Hapo ndipo hasira ilimpanda kwelikweli, hasira ya mtu aliyekwenda kumfumania mwizi akamkuta anasali. Vilibaki vijibamba vingine ndani ya bakuli. Alivichukua kwa kibano akavitazama. Kila mtu katika fani ile alikuwa akisema utando ukishafukizwa usiuguse kwa moto, kila kitu kimeshapata kiti chake, moto utavuruga karamu. Vizuri. Akaliwasha bamba lake. Hakuwa na nadharia yoyote kichwani. Alitaka kuviunguza. Alitaka kuiona ile zambarau ya Argiro ikichujuka juu ya moto wa Thomaida, basi, halafu aende nyumbani.

Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Uliweka joto la wastani bila kumwuliza mwenyewe, na ukaviondoa vile vijibamba pale mkono ulipozoea kuondoa. Rangi haikuchujuka. Akavisogeza chini ya taa kwa shingo upande, kama anayekwenda kuhakikisha maiti.

Mstari uliochorwa ulipanda juu ya wa Argiro, na juu ya wake wa zamani, na juu ya wote waliowahi kuchorwa chumbani mle.

Thomaida akazima kompyuta, akaiwasha, akapima tena. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye ngazi za sigara, yeye asiyevuta, akaangalia daraja la Rio likining'inia juu ya mlango wa bahari kwa kamba zake nyeupe.

Nyumbani alimkuta Stathis akichonga jino la dhahabu la bibi mmoja wa mtaa wa juu.

"Mitungi haijambo?"

"Stathis, nimevunja rekodi."

"Ya nini?"

"Ya maabara. Nilikuwa nataka kuviunguza vitu vya Argiro, vikawa bora kuliko vyote."

Stathis alizima kinoo chake cha umeme, akasukuma miwani juu. Alimtazama muda, midomo ikicheza, kisha akashindwa, akacheka mpaka jino likadondoka na wote wawili wakalitafuta chini ya meza kwa magoti.

"Sasa utamwambia nini?" akauliza kutoka chini kule.

"Sijui. Ningeweza kusema ni yangu."

"Si yako?"

"Nusu yangu."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Nusu," Thomaida akasema.

Watu waliporudi, aliomba kikao. Walikuwa watatu: profesa, Argiro na yeye. Aliweka mistari mezani na kueleza: kwanza mvuke, kisha moto wa wastani. Mvuke unawapa watu viti. Moto unawakalisha imara. Alijishangaa akitumia mfano wa Argiro. Ververis aliinama juu ya makaratasi hadi pua ikayagusa. Argiro hakuyatazama sana. Alimtazama Thomaida.

"Hii tunaiandika," profesa akasema. "Mara moja. Jina la kwanza liwe la nani?"

Katika fani ile jina la kwanza ndilo linaloitwa. Mengine hufuata kama mabehewa.

"La Thomaida," Argiro akasema. "Yeye ndiye aliyefika."

Thomaida alihisi uso ukiwaka. Hakuna kinachomwasha mwenye wivu kama kupewa bure kile alichokuwa tayari kukipigania. Angepokonywa angejua la kufanya.

"Sitaki sadaka," akasema.

"Si sadaka."

"Ni nini basi?"

"Thomaida, Mungu wangu, mtu hawezi kukupa hata chumvi."

"Mvuke unatangulia," Thomaida akasema, akimwambia profesa peke yake. "Moto ukitangulia haifanyi kazi, nimejaribu na hivyo pia. Andika kwa mpangilio wa kazi. Wake kwanza, wangu wa pili." Alisema kwa uchungu, lakini kila neno lilikuwa sahihi, na profesa akaandika haraka kabla hawajabadilisha mawazo.

Makala ilipotoka ilisomwa na watu wengi, na kama ilivyo desturi, wakalikumbuka jina la kwanza. Ilikuwa miaka ile mibaya ya uchumi, mishahara ikikatwa kila msimu, na vijana wakiondoka kama maji kwenye gunia. Ujerumani ikamwita Argiro. Alipewa maabara nzima na watu chini yake. Thomaida alizisikia habari hizo kutoka kwa profesa, kisha kutoka kwa Argiro mwenyewe, aliyekuja Jumapili moja bila kualikwa na sinia yake ya keki, akaketi kwenye kiti chake kama aliyekuwa ametoka tu kunawa mikono. Stathis alilia waziwazi. Thomaida aliuliza kama huko kuna baridi.

Ndani alihesabu: sasa nitabaki mwenyewe. Meza ya dirishani na bakuli, vyote vyangu. Alingoja afarijike.

Siku ya kuondoka Argiro alipakia gari lake dogo hadi dari, kwa ajili ya meli ya Ankona, Italia. Stathis alikuwa na mteja wa meno, kwa hiyo Thomaida alikwenda bandarini peke yake. Malori yalikuwa yakiingia tumboni mwa meli yakirudi kinyumenyume, mfanyakazi mmoja akipiga filimbi. Wakasimama kando ya gari.

"Nikuulize kitu," Argiro akasema. "Kwa nini uliviweka kwenye moto? Kila kitabu kinakataza."

Thomaida akatazama malori. "Nilipata wazo tu."

"Nilivikuta vijibamba vyako vya mwanzo kwenye pipa. Vilivyokatika kama maziwa. Mtu mwenye mkono wako hafanyi hivyo kwa bahati mbaya." Argiro akamsogelea. "Ulikuwa unanitafutia kosa. Na vile vingine ulitaka kuviunguza, au siyo?"

Filimbi ikalia. Thomaida angeweza kukana, na alikuwa tayari amefungua mdomo kukana.

"Hadi majivu," akasema.

Argiro alicheka, akashika mlango wa gari, akacheka mpaka yule mwenye filimbi akageuka. Kisha akamkumbatia kwa nguvu, na safari hii Thomaida hakujua mashavu yake yalikuwa ya baridi au ya moto, kwa kuwa yalikuwa yameloa. "Unajua kilichoniuma?" Argiro akamwambia sikioni. "Si taa. Ni kwamba sikuwa na mwenzangu wa kumwonyesha. Wengine wote wanapiga makofi tu."

Akaingia garini, gari likaingia melini.

Thomaida alirudi kwenye meza yake, na bakuli akaachiwa yeye. Kazi ilikwenda. Wageni walipokuja profesa alisimama tena dirishani na kusema, "Bi Thomaida anashughulika na moto na mvuke," na yeye akaeleza bila kuchoka, na wageni wakaandika. Alikuwa amepata kila alichokitaka. Aligundua kwamba kila alipopima kijibamba kizuri alikuwa akigeuka nyuma kidogo, kama anayetaka kuona nani amekunja uso.

Simu ya Argiro ilikuja kipupwe kilipoingia. Alizungumza muda mrefu: theluji, mkate mweusi, Wajerumani wanaofika kabla ya saa. Stathis alijaribu kusikia na yeye, asiambulie kitu.

"Na kuna mmoja hapa," Argiro akasema, "mwanamke wa Poland, anaitwa Bogna. Kumbara, ungemwona akishika kibano. Ana moto kama wako. Tunakunywa kahawa pamoja kila asubuhi, tunabishana hadi tunachelewa. Jana kanikuta na kosa kwenye hesabu, kanisuta mbele ya watu wote, nikakukumbuka wewe."

"Vizuri," Thomaida akasema. "Nafurahi umepata mtu."

Walipoagana aliweka simu mezani taratibu mno.

"Anasemaje?" Stathis akauliza.

"Hajambo. Kuna Bogna huko."

"Bogna nani?"

"Nitajuaje Bogna nani? Eti ana moto kama wangu." Akainuka, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa, chake na cha mumewe. "Moto gani utapatikana kule, na baridi ile. Na kibano anashikaje, sijui, kwa mkono wa kushoto? Kila asubuhi kahawa. Sisi tulikuwa tunakunywa mara ngapi?"

"Mlikuwa mnakunywa kila siku."

"Basi," Thomaida akasema, akafungua maji ya sinki kwa nguvu. "Nitamwomba Ververis siku tatu za likizo mwezi wa pili. Nitakwenda kumwona huyo Bogna kwa macho yangu."